Ukikuta mtu anashambuliwa kwa chuki mtandaoni, unapita au unasema neno? Tujadili kwa kina

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa ajili yetu tunaosoma bila kuandika. Mwaga chuki ameshajadiliwa sana, na anayetukanwa ameshapewa pole nyingi. Kuna kundi la tatu, kubwa kuliko hayo mawili, ambalo haliguswi: waliofungua posti, wakashuka na komenti zote mpaka mwisho, wakasikitika, wakapita. Naweka msimamo wangu mapema ili mnaonipinga mjue pa kuanzia. Kimya cha hao wengi kinasomwa. Mwenye chuki anakisoma kama ruhusa, anayeshambuliwa anakisoma kama hukumu, na mgeni anayeingia saa hiyo anakisoma kama ndiyo desturi ya mahali hapo. Na ukiamua kusema, sema kwa ajili ya anayeumizwa na hao wanaosoma. Mwenye chuki mweke mwisho wa foleni.

Tuanze na tukio ambalo wengi mnalikumbuka. Tarehe 15 Machi 2019, Christchurch, New Zealand, mtu mwenye bunduki alivamia misikiti miwili na kuua watu 51, huku akirusha mubashara kwenye Facebook. Matangazo yalidumu dakika 17. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, waliotazama wakati yakiendelea hawakufika 200, na hakuna hata mmoja aliyeripoti mpaka yalipokatika. Ripoti ya kwanza iliingia dakika 29 tangu yaanze. Kiungo kilikuwa kimewekwa kwenye jukwaa la watu wa itikadi yake, kwa hiyo wapo walioingia kushangilia. Lakini angalia kilichofuata: ndani ya saa 24 Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile, nyingi zikizuiwa wakati zinapakiwa. Kampuni ilieleza kwamba wapo waliozisambaza kwa kusifu, wapo waliosukumwa na udadisi, na wapo waliotaka kulaani. Hao wa mwisho ni watu wema kabisa. Walikuwa na uchungu wa kweli, na bado mikono yao ndiyo iliyomfikishia muuaji ujumbe wake.

Kwa hiyo matatizo ni mawili, tusiyachanganye. Wapo wanaonyamaza, na wapo wanaosema kwa namna inayomsaidia mwenye chuki.

Kuhusu kunyamaza, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio mwaka 1968 huko Marekani. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, bila kuwaona. Ghafla mmoja wao akasikika akipatwa na kifafa, anaomba msaada. Walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Na hawakuwa watu wasiojali. Waliobaki wamekaa walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mwenzao yuko salama. Kila mmoja aliweza kudhani mwingine ameshatoka.

Sasa hamishia hilo kwenye simu yako. Posti inakuandikia kabisa kwamba imeshaonwa na maelfu. Umati umeandikwa kwa tarakimu chini ya matusi. Unawaza: katika wote hawa, hakuna aliyeripoti? Hakuna rafiki yake? Mimi ni nani? Na kila mmoja katika hao maelfu anawaza hayo hayo.

Nieleze kwa karibu nilichokishuhudia, nikiacha nje kila kitu cha kumtambulisha mtu. Dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aliweka picha ya mahafali yake. Joho, kofia, mama yake amesimama nyuma ameshika mishikio ya kiti. Komenti ya kwanza, hongera. Ya pili: "Siku hizi hata hawa wanapewa, ndiyo maana vyeti vimeshuka thamani." Chini yake zikajaa emoji za kucheka. Vicheko vile vikampa mtu mwingine ujasiri, akaandika jambo baya zaidi kuhusu mwili wake. Wa tatu akamtagi rafiki yake aje aone. Muda wote huo mioyo kwenye picha inaongezeka. Watu wanafika, wanagonga moyo, wanaondoka, na hakuna anayegusa zile komenti.

Halafu akaja mmoja akaandika: "Hongera dada. Miaka yote hiyo ya kusoma, umefika. Hayo hapo juu ni kumdhalilisha mtu kwa ulemavu wake, mimi siyakubali. Mama naye hongera."

Basi. Hakumtukana mtu, hakumtagi mtu. Na hapo ndipo watu walipoanza kujitokeza. "Kweli kabisa." "Huo si utani jamani." "Hongera dada, usiyasome hayo." Aliyemtagi rafiki yake akafuta. Aliyeanzisha hakufuta wala kuomba radhi. Lakini ukiingia kwenye posti ile baada ya hapo, unakuta mahali pengine kabisa.

Itazameni komenti ile vizuri. Ilianza na dada mwenyewe, si na mshambuliaji. Ikataja kosa kwa jina lake, mara moja tu. Ikamrudia mama, ambaye bila shaka naye alikuwa anasoma. Wale waliojitokeza baadaye walikuwepo muda wote. Walichokosa ni mtu wa kutangulia. Solomon Asch aliliona jambo la aina hii miaka ya 1950 alipowataka watu walinganishe urefu wa mistari huku waliowazunguka wakitoa jibu la uongo kwa makusudi. Wengi walifuata kundi angalau mara moja. Alipoweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli, makosa yale yalishuka hadi robo ya yalivyokuwa. Mmoja tu, wakuu.

Karibuni. Na mnaopinga, pingeni.

#2

Asante kwa uzi mkuu, ila hapa mimi siko nawe. Ukimjibu mwenye chuki unamwongezea kuni. Anachotaka ni kujibiwa. Mitandao hii inahesabu komenti, haiulizi komenti inasema nini. Nimeshaona posti ya kijinga yenye watazamaji kumi inapaa mpaka kila mtu anaijua, na walioipaisha ni wakosoaji wake. Ripoti, mzuie, pita. Dawa yake ni njaa.

#3 – Mleta mada

Mkuu wa #2, nusu ya hoja yako naichukua nzima. Kuna ushahidi mzito zaidi ya huo. Kuanzia 2017 mfumo wa Facebook wa kupanga posti ulikuwa unaipa emoji moja uzito wa laiki tano, na emoji ya hasira ilikuwemo. Ilikuja kupunguzwa hatua kwa hatua hadi sifuri mwaka 2020. Yaani kwa kipindi kirefu mtu aliyekereka, akabonyeza ile sura nyekundu kuonyesha anapinga, alikuwa anaisukuma posti mbele kuliko aliyeipenda.

Kwa hiyo tutenganishe. Kama chuki iko kwenye ukurasa wa mwenye chuki mwenyewe, na hakuna mtu mahususi anayelengwa, sikushauri uende kumwekea komenti, na zaidi ya hapo usimnukuu kwa wafuasi wako. Ripoti uondoke. Ukilazimika kuwaonya watu, eleza kwa maneno yako, au weka skrinishoti yenye jina lililofichwa, bila kiungo.

Lakini kama chuki imeingia kwenye posti ya mtu, chini ya picha yake, kwenye siku yake, hiyo njaa unayoisema anaila nani? Yule dada wa mahafali ndiye anayebaki na ukurasa wake umejaa uchafu, akisubiri ripoti yako ishughulikiwe. Hapo neno lako chini ya picha yake linampaisha yeye.

#4

Naomba nichangie kama mtu niliyewahi kulengwa. Sitasema kwa lipi.

Wengi hamjui kwamba anayeshambuliwa hasomi matusi peke yake. Anasoma pia majina. Mimi nilikuwa naangalia nani ameiona. Unajua huyu yuko hewani, huyu ameweka picha yake muda huu huu, huyu amelaiki komenti nyingine kwenye posti hiyo hiyo. Watu niliosoma nao. Tusi la mtu nisiyemjua liliuma siku chache likapoa. Majina yale bado nayakumbuka.

Halafu inboksi. Inboksi ilijaa pole. "Usijali, tuko pamoja." Nilishukuru, na ninaposema nilishukuru ni kweli. Ila hadharani nilikuwa peke yangu, na kila mtu aliyekuwa anaangalia aliona niko peke yangu. Mtu akiniambia gizani kwamba yuko nami, nampa shukrani, lakini wale walioendelea kunirukia hawakujua kama nina mtu.

Aliyenisaidia kuliko wote hakuandika hata neno. Rafiki yangu alikuja akachukua simu yangu, akaniambia usisome tena, nitasoma mimi. Yeye ndiye aliyepitia komenti zote, akapiga skrinishoti zenye jina la akaunti, tarehe na saa, akanakili viungo, akaripoti moja moja, akazizuia akaunti, akaniambia tu yale yaliyohusu usalama wangu. Nililala usiku huo.

#5 – Mleta mada

Dada wa #4 (kama ni kaka, uniwie radhi), umesema jambo ambalo nimekuwa nalizunguka bila kulipata vizuri. Mtandaoni chuki iko hadharani na msaada umejificha. Watu hamsini wanaweza kuripoti komenti moja, na aliyelengwa asijue hata mmoja. Anachokiona yeye ni tusi na kimya.

Mtaani haiko hivyo. Kuna utafiti uliotoka 2019 ambao watafiti walitazama picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mmoja kusaidia ulivyoongezeka. Kwa hiyo tusijishushe kuliko tulivyo, binadamu wanaingilia. Tofauti ni kwamba mtaani unaona mkono wa mwenzako umenyooka, na wewe unanyoosha wako. Hapa mkono unaoripoti hauonekani na mtu.

Ndiyo maana nasema: ripoti, halafu acha alama inayoonekana. Hata mstari mmoja.

#6

Na uhuru wa maoni je? Siku hizi mtu akikosoa dini au chama tu anaitwa mwenye chuki, watu wanajipanga kumripoti mpaka akaunti inafungwa. Hao mashujaa wako wa kuripoti nao wanaweza kuwa genge.

#7 – Mleta mada

Hofu yako ni ya haki. Kuripoti kwa makundi ili kumfunga mdomo mtu mwenye maoni tofauti ni uonevu, hata kama wanaoufanya wanajiita watetezi.

Mwaka 2012 wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa walikamilisha mpango uitwao wa Rabat (mji wa Moroko), unaotoa vipimo sita vya kujua lini maneno yamefikia uchochezi wa kuadhibiwa kisheria: muktadha, hadhi ya msemaji, dhamira yake, maudhui na namna yalivyotolewa, upana wa usambazaji, na uwezekano wa kweli wa madhara kutokea. Kizingiti kiko juu makusudi. Kukosoa dini, chama au mila hakufiki hapo. Kusema watu wa kabila fulani ni mende wanaopaswa kufagiwa, tena ukasema wakati watu hao wanapigwa, ni habari nyingine.

Na kati ya hayo mawili kuna eneo pana sana la maneno ambayo sheria haiyagusi lakini yanamvunja mtu. Hilo ndilo eneo letu sisi watazamaji. Nikiandika "siyakubali haya" sijamfunga mtu mdomo. Nimetumia uhuru ule ule alioutumia yeye.

#8

Mimi ni admini wa grupu kubwa, nathibitisha kwa uzoefu: komenti za mwanzo ndizo zinazoamua. Kukianza utu, watu wanakuwa na utu. Kukianza dharau, hata wale waungwana wanaanza kuandika vitu ambavyo ukiwapigia simu watakana. Wapo watafiti wa Marekani walioandika mwaka 2017 kwamba mtu wa kawaida kabisa, akiwa na hali mbaya ya moyo na akakuta wengine wameshaanza kuchafua, naye anachafua. Kwa hiyo mkiona jambo limeanza, msisubiri jioni mkitunga aya ndefu. Sentensi mbili za mapema zina faida kuliko hotuba ya kesho.

Ombi kwa wanaoripoti: chagueni sababu sahihi. Ukibonyeza "sijaipenda" wakati ni tishio la kuua, umeipeleka kwenye foleni nyingine kabisa. Na pigeni skrinishoti kabla ya kuripoti. Ikishafutwa, ushahidi wa polisi umeondoka nayo.

#9

Haya yote mazuri, lakini mimi ni wa jamii hiyo hiyo inayotukanwa. Nikisema neno, matusi yanageuzwa kwangu. Imeshanitokea, mpaka picha za watoto wangu zilichukuliwa. Mnaosema "simama" mjue hatusimami mahali pamoja.

#10 – Mleta mada

Pole sana, na ninakuunga mkono bila masharti. Wewe hudaiwi kitu hapa. Mtu ambaye jina lake, sura yake au watoto wake wanaweza kugeuziwa kibao ana kila haki ya kukaa nyuma, kutuma ujumbe kwa mlengwa, kuripoti na kujilinda.

Mzigo huu ni wa wengine, na hapa utafiti unawataja waziwazi. Kevin Munger alichapisha mwaka 2017 jaribio lililofanyika Twitter. Alitengeneza akaunti za kubuni zilizowakumbusha wanaume Wazungu waliokuwa wakiwatukana wenzao kibaguzi kwamba kuna watu halisi wanaoumia. Maneno yale yale, yakitoka kwenye akaunti yenye sura ya mtu Mweusi, au ya Mzungu asiye na wafuasi, hayakubadilisha kitu cha maana. Yalipotoka kwenye akaunti ya Mzungu mwenye wafuasi wengi, matusi yalipungua. Haki ingetaka neno la aliyeumizwa ndilo lisikike zaidi. Haiwi hivyo, na inauma. Lakini maana yake kwa kila msomaji ni hii: chuki ikitoka upande wako, kwa watu wa kabila lako, dini yako, jinsia yako, wewe ndiye unayesikika zaidi na ndiye mwenye hatari ndogo kuliko wote. Usimwachie mlengwa ajitetee.

Kuhusu namna ya kusema, jaribio jingine lililochapishwa 2021, lililohusisha watumiaji 1,350 wa Twitter waliokuwa wameandika maneno ya kibaguzi, lilipima majibu ya aina tatu: kuwakumbusha maumivu ya wanaolengwa, kuwafanyia mzaha, na kuwatahadharisha kwamba ndugu na marafiki zao wanayaona wanayoandika. La kwanza ndilo lililoleta mabadiliko, tena madogo: baadhi walifuta, na chuki waliyoandika baadaye ilipungua. Mzaha na onyo havikuleta tofauti ya kueleweka. Najua kumchamba mtu kunaburudisha na kunaleta laiki. Burudani hiyo ni yetu, haimfikii anayeumia.

#11

Kuna njia ya kupunguza hatari hiyo ya #9: msiende mmoja mmoja. Uswidi mwaka 2016 lilianzishwa kundi la #jagärhär, na Desemba mwaka huo Ujerumani wakaiga na #ichbinhier; yote mawili maana yake "mimi niko hapa". Wanachama wanaingia pamoja kwenye komenti zilizochafuka, wanaandika kwa adabu, halafu wanalaikiana ili komenti za adabu zipande juu na matusi yashuke. Mfumo ule ule aliousema #2 unawafanyia kazi wao. Si lazima uwe na kundi la maelfu. Marafiki watatu wenye grupu dogo la kuitana wanatosha kwa posti nyingi.

#12 – #2 tena

Nimesoma yote. Bado naamini kwenye ukurasa wa mwenye chuki tusikanyage. Kwa posti ya mlengwa, nimeuelewa upande wenu, hasa aliyoyasema #4. Sikuwahi kufikiri kwamba anasoma majina.

#13

Swali langu ni dogo ila linanisumbua. Kwenye grupu la familia, anayetuma ni mjomba. Anasambaza video na sauti za kuwatukana watu wa kabila jingine, na shemeji yetu wa kabila hilo yumo humo humo ndani, hasemi kitu. Mjomba ndiye aliyetusomesha. Namwanzaje?

#14 – Mleta mada

Shemeji ndiye wa kwanza. Mwandikie leo, pembeni: umeiona video ile, hukubaliani nayo, na unataka kujua yeye anapenda ishughulikiwe vipi. Huenda akataka isemwe wazi, huenda akaogopa italeta mtafaruku kwenye ndoa yake. Usimwamulie.

Kisha mjomba, naye pembeni, kwa heshima yake yote. "Shikamoo mjomba. Ile video ya asubuhi imenikaa vibaya. Shemeji yumo kwenye grupu na aliiona, na wale wanaotukanwa ni ndugu zake. Nakuomba uiondoe." Usimwite mbaguzi, maana ataacha kuzungumzia video aanze kujitetea. Mpe nafasi ya kuifuta mwenyewe kabla hujaileta hadharani, na angalia kwamba muda wa kufuta kwa wote haujapita. Ukipita, admini wa grupu anaweza kumfutia.

Akikataa, andika kwenye grupu mstari mmoja bila kumtaja: "Familia, video hizi zinawagusa watu tuliooana nao, mimi naomba tusizitume humu." Kabla hujaubonyeza, mpigie binamu au dada mmoja unayemwamini, mkubaliane kwamba ataandika "naunga mkono" chini yake dakika hiyo hiyo. Mjomba akijibu kwa hasira, msijibizane humo. Mpigie simu.